Chungu cha Mgonjwa

(Mhadhara kwa mama lishe na wanaouguza wagonjwa nyumbani, Temeke, Dar es Salaam)

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za mchana. Ahsanteni kwa kuja, hasa ninyi mliofunga vibanda mapema, maana najua saa hizi ndipo wateja wa jioni wanaanza kuulizia chakula.

Kabla ya yote, tazameni meza hii. Kuna vikombe viwili vya uji wa ulezi. Vimetoka sufuria moja, vyote ni vya vuguvugu, na uji ni mzito mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Hiki cha kulia nakitia unga kutoka kwenye kopo hili, kijiko cha chai kimoja, nakoroga, nakifunika. Hiki cha kushoto nakiacha kama kilivyo. Tutavirudia.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na muda mrefu nilikuwa wodi ya watoto. Mama akileta mtoto anayeendesha, swali lake la kwanza huwa la dawa. La pili huja baadaye, kwa sauti ya chini: "Nesi, nimpe nini ale?" Na mara nyingi, kabla sijafungua mdomo, bibi aliyemsindikiza amekwisha jibu: "Asipewe kitu. Tumbo lipumzike kwanza."

Mwanzoni mwa kazi nami nilikuwa naitikia. Nimelelewa hivyo, kwetu mtu akiharisha alipewa chai ya rangi mpaka tumbo litulie. Kuna mtoto mmoja wa kiume, mwaka na miezi michache, ambaye alikaa siku nne kwa chai ya rangi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia mama yake asubiri. Kuharisha kulikoma. Lakini nilipomshika paja, ngozi ilikuwa imelegea kama kitambaa kilicholowa, na alipolia hakutoa sauti. Alipona, Mungu ni mwema, ila ilimchukua zaidi ya mwezi kurudi alivyokuwa. Tangu siku hiyo sijawahi tena kumwambia mzazi amfungie mgonjwa chakula.

Sababu ni hii. Ukuta wa ndani wa utumbo unajijenga upya muda wote. Chembe zake za juu hubadilishwa kila baada ya siku tatu hadi tano. Ugonjwa wa kuharisha unaukwangua ukuta huo. Ili ujengeke tena unahitaji vifaa, na vifaa hivyo ni chakula, tena sehemu yake hutoka kwenye kile kinachopita pale pale utumboni. Huwezi kumnyima fundi saruji halafu ukalalamika kwamba nyumba haiishi. Utumbo uliokaa na njaa unapona polepole, na mtoto aliyekaa na njaa anaharisha tena upesi.

Maji ndiyo yanayotangulia. Mgonjwa wa kuharisha anakufa kwa kukaukiwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikawaingia. Katika kambi ya Bangaon, dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji, wagonjwa wakanyweshwa na ndugu zao wenyewe kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Sukari kidogo ndiyo inayoivuta chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Paketi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mnaouchukua zahanati, imetokana na jambo hilo.

Paketi hiyo inataka maji lita moja kamili, safi na salama. Naomba tuwe makini hapa, kwa sababu chupa nyingi za maji mjini kwetu ni za nusu lita au lita moja na nusu. Ukiitia paketi kwenye nusu lita, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukikosa paketi kabisa, lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, siyo vya kujaza mlima. Yakipita saa 24, mwaga, tengeneza mengine. Akitapika, subiri kama dakika kumi, kisha anza tena, kijiko kimoja kimoja. Mtoto apewe na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekezwa, hata kama kuharisha kumekoma. Na anayenyonya aendelee kunyonya.

Damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, mtoto asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu, choo kinachotoka kama maji yaliyooshea mchele: hapo hakuna mapishi, ni kwenda hospitali, na ORS iendelee njiani. Wenye umri wangu hapa wanakumbuka Agosti 2015, kipindupindu kilivyoanzia katika jiji hili letu. Hatukuwa na muda wa kungoja asubuhi.

Sasa chungu. Mgonjwa akishapata maji kwa saa tatu nne na kichefuchefu kimepungua, aanze kula. Chakula cha kwanza ninachokipenda ni mashendea. Vijana wa siku hizi wakipika wali ukatoka na majimaji wanaona aibu; bibi zetu waliupika hivyo kwa makusudi. Kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe sita au saba, chumvi kidogo. Usitie tui. Unaupika moto wa chini, unaukoroga mara kwa mara, mpaka punje zifumuke na kupoteza umbo lake. Utajua umeiva kwa mwiko: chota, uuinamishe, wali ushuke kwa kusitasita. Ukianguka kwa tonge, ongeza maji ya moto. Ukimwagika kama maji, uache kidogo. Mchele unafaa kwa sababu wanga wake humeng'enywa mapema, juu kabisa ya utumbo mwembamba, na hauachi makapi mengi ya kusumbua huku chini.

Wali huo uliwe ukiwa moto. Usimpe mgonjwa kiporo cha wali. Najua kiporo na chai ya asubuhi ni raha, nimekula maisha yangu yote. Lakini mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukilala kwenye sufuria katika joto letu hili, vinaamka, vinazaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Mzima anaweza kukwepa. Mwenye utumbo uliokwanguliwa anaanza upya. Ninyi mama lishe, hili liwe la moyoni.

Pamoja na mashendea, chukuchuku. Samaki mweupe, changu kwa mfano, aliyetolewa magamba vizuri, anachemshwa na nyanya moja iliyomenywa, chumvi, ndimu kidogo ikiwa mgonjwa hana vidonda vya tumbo, basi. Hakuna kukaanga, hakuna pilipili, hakuna tui. Mwili umepoteza protini, na samaki wa namna hii hulainika mdomoni. Ondoa miiba kwa vidole vyako, usimwachie mgonjwa. Kuku aliyetolewa ngozi naye anafaa, na yai la kuchemsha lililoiva mpaka ndani.

Halafu kuna mtori. Wachaga wanampa mama aliyetoka kujifungua, na mimi nampa aliyetoka kuharisha. Ndizi mbichi za kupika mnazipata Mabibo kwa mkungu au kwa kichana. Zinachemshwa na nyama isiyo na mafuta mpaka zipondeke. Sehemu ya wanga wa ndizi mbichi haimeng'enywi juu. Inafika utumbo mpana, bakteria wazuri wanaichachua, na kinachotoka hapo kinausaidia utumbo mpana kufyonza chumvi na maji. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2001 uliwapa watoto waliokuwa wakiharisha kwa muda mrefu wali uliochanganywa na ndizi mbichi iliyopikwa. Siku ya nne zaidi ya robo tatu yao walikuwa wamepona. Waliopewa wali peke yake hawakufika robo. Nilipousoma nilimkumbuka mama mmoja wa Moshi niliyekuwa namkatalia asilete mtori wake wodini.

Turudi kwenye vikombe. Nafunua hiki cha kushoto: kijiko bado kimesimama. Hiki cha kulia... mnaona? Kijiko kimelala. Uji unamiminika, na sijaongeza tone la maji. Unga uliomo kwenye kopo ni kimea cha ulezi: ulezi ulolowekwa, ukaoteshwa siku mbili tatu, ukakaushwa na kusagwa. Mbegu ikiota hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga, na vimeng'enya hivyo ndivyo vilivyofanya kazi chini ya kifuniko tulipokuwa tunaongea.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgonjwa hawezi kumeza uji mzito, kwa hiyo tunauongeza maji mpaka upite kooni. Kikombe kinajaa, tumbo dogo la mtoto linajaa, lakini ndani kuna maji matupu. Kwa kimea unapika uji mzito wenye unga wa kutosha, kisha unaulegeza bila kuupunguza. Watafiti wetu wenyewe wa Taasisi ya Chakula na Lishe walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980, wakianzia kwenye kitu ambacho mama zetu walikuwa nacho jikoni tayari. Kimea kitieni uji ukiwa wa vuguvugu, maana ukiwa unachemka unaviua vimeng'enya; ukishalegea, urudishe jikoni uchemke tena kidogo, kwa sababu mbegu iliyooteshwa hubeba vijidudu. Na ukitumia kimea cha mtama badala ya ulezi, ondoa vichipukizi na vimizizi vyote kabla ya kusaga, vina sumu.

Togwa, ndugu zetu wa Ruvuma mnaijua, ni uji wa namna hiyo uliochachuka. Ule uchachu unawazuia wadudu wengi wa tumbo wasistawi. Watafiti wa hapa nchini waliwapa watoto togwa, na wale waliokunywa walionekana kuwa na vijidudu vya magonjwa ya tumbo kwa uchache zaidi kwenye choo. Isiwe iliyolala mpaka ikawa pombe, tafadhali.

Maziwa yanaulizwa sana. Kile kinachomeng'enya sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha za ukuta wa utumbo, yaani pale pale palipokwanguliwa. Kwa mtu mzima au mtoto mkubwa, maziwa fresh yasubiri wiki moja mbili. Mtindi huvumilika mapema, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Soda na juisi za paketi zina sukari nyingi mno, nayo sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni, anaharisha zaidi. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni ndogo. Yanywewe pamoja na ORS, yasichukue nafasi yake.

Mafuta nayo yana pande mbili. Chapati, sambusa, chipsi mayai, vinachelewa tumboni na kuleta kichefuchefu. Lakini kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia ndani ya uji wa mtoto anayerudi kwenye nguvu ni msaada, kinampa nishati bila kumjaza. Mteja akija kibandani akasema tumbo limevurugika, anataka kitu chepesi, mara nyingi tunampa supu ya utumbo yenye mafuta yanayoelea na chapati mbili. Nawaombeni muwe na sufuria ndogo pembeni. Mashendea na chukuchuku havina gharama kubwa, na mtu huyo atawakumbuka.

Ugali wa dona nausifia kila siku, ila kwa siku hizi chache nachagua sembe, mlaini. Maharage yasubiri, au chukueni choroko zilizopaazwa na kuondolewa maganda. Boga, karoti, ndizi mbivu na papai vinaingia mapema. Mchicha uliopikwa ukalainika unafuata. Pilipili inakuja mwisho kabisa. Aliyeugua homa ya matumbo abaki kwenye vyakula laini mpaka daktari aseme, na amalize dozi hata akijisikia mzima, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuutoboa utumbo wakati homa inapoanza kumwachia mgonjwa matumaini.

Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Vijiko vitano vilivyomezwa ni bora kuliko sahani iliyotazamwa. Na mtoto akishapona, mwongezeeni mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Hapo ndipo analipwa deni lake, na ndipo wengi tunapomsahau kwa kuwa ameanza kucheza.

Nimemaliza. Maji ya kunawa na sabuni yako pale mlangoni, na vijiko safi vimo kwenye sufuria la maji ya moto. Anayetaka kuonja vikombe hivi viwili asogee, hiki cha kulia nikishakichemsha tena kidogo. Uji wa kulia umekuwa mtamu kidogo kuliko wa kushoto, na sukari sijatia.