Maili Moja ya Zege: Nani Aliyejenga Barabara ya Lincoln?

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, nami nitazidi kulisema maadamu vitabu vinaendelea kuwasifu wasiostahili. Barabara ya Lincoln, iliyozinduliwa mwaka 1913 kuunganisha New York na San Francisco kwa maili 3,389, haikujengwa na matajiri wa magari. Carl Fisher, mfanyabiashara wa Indiana, alitoa wazo, Henry Joy wa kampuni ya magari ya Packard akaongoza chama cha kuipigania barabara hiyo, na ramani ikachorwa. Lakini ardhini palikuwa na njia za udongo tu, na dola milioni 10 ambazo chama kilitarajia kuchangisha hazikupatikana.

Mtaniuliza kwa nini Henry Ford hakulipa, ilhali uwezo alikuwa nao. Alikataa kwa hoja kwamba wenye viwanda wakiwajengea watu barabara, wananchi hawatajifunza kamwe kuzigharimia. Wengine humwita bahili. Mimi nasema hoja yake ilikuwa sahihi, na chama chenyewe kiliishia kuifuata.

Tazameni kilichofanyika karibu na Malta, Illinois, mwaka 1914. Viwanda vilitoa saruji bure, zege likamwagwa kwa urefu wa maili moja tu, nayo ikawekwa mashambani kwa makusudi. Dereva aliyekuwa akihangaika kwenye tope zito, usukani ukimponyoka, alipanda juu ya zege, akaenda kwa raha dakika chache, kisha magurudumu yakazama tena. Maili za namna hiyo ziliitwa maili za mbegu, na shabaha yake ilikuwa kumfanya mkulima wa kaunti ile arudi nyumbani akidai barabara nzima, akiwa tayari kuilipia kodi.

Wapo watakaonitajia msafara wa jeshi wa mwaka 1919, kwa kuwa Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwamo. Ulitumia siku 62 kutoka Washington hadi San Francisco, ukivunja madaraja mengi njiani. Uliuanika ubovu wa njia, wala haukuutibu.

Sheria ya barabara ya mwaka 1916 ilikwisha kuitaka Serikali ya Shirikisho na majimbo kuchangia gharama nusu kwa nusu, na ile ya mwaka 1921 ikaelekeza fedha kwenye asilimia 7 tu ya barabara za kila jimbo, zile kuu zinazoungana. Hapo ndipo mstari wa Fisher ulipoanza kupata lami na zege, kaunti baada ya kaunti, kwa fedha za walipa kodi.