Mwanamke Mtukutu kwenye Skrini: Nani Hasa Anatukanwa?

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi wa fani ya filamu na wapenzi wa sinema, habari za jioni.

Swali letu la leo ni hili: vichekesho vya kikubwa ambavyo mhusika wake mkuu ni mwanamke anayelewa, anayetukana, anayeamka kwenye vitanda vya watu asiowapenda na kuharibu harusi za wenzake, je, vinatuvunjia heshima? Jibu langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kubishana nalo. Utukutu wa mwanamke peke yake si tusi. Tusi hupatikana mahali pawili: pale mzaha unapomwangukia mtu mnyonge kuliko anayeutoa, na pale filamu inapomtoza mwanamke faini ambayo mwanamume mwenye kosa lile lile hatozwi. Filamu nyingi za namna hii zina doa katika sehemu moja au zote mbili, na madoa hayo yanaonekana, yanahesabika, na mwandishi makini anaweza kuyafuta kabla kamera haijawashwa.

Tuanze na faini, maana ina historia. Mwaka 1927 mwigizaji Mae West alihukumiwa kifungo cha siku 10 mjini New York kwa mchezo wa jukwaani alioutunga na kuuigiza mwenyewe. Alitumikia siku 8. Mwaka 1933 alicheza filamu mbili za kampuni ya Paramount zilizojaza majumba ya sinema, na ndani yake yeye ndiye aliyewachagua wanaume, akawatania, akawaacha. Hollywood ilikuwa tayari na kanuni ya maadili iliyoandikwa mwaka 1930, ila haikuwa na meno. Julai 1934 ikapata meno: ofisi ya Joseph Breen ilianza kukagua kila mswada na kila filamu, na aliyeonyesha filamu isiyo na muhuri wake alikabiliwa na faini ya dola 25,000. Filamu ya Mae West iliyotoka mwaka huo ilibadilishwa jina, na mwishoni ikaongezwa ndoa. Ikumbukeni ndoa hiyo. Mkaguzi aliona kwamba mwanamke anaweza kuchekesha kwa dakika 70, mradi dakika ya mwisho arudishwe ndani ya uzio.

Kanuni ile iliondolewa mwaka 1968, ukaja utaratibu wa madaraja ya umri wa watazamaji unaotumika Marekani hadi leo. Daraja la R linamtaka mtoto wa chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Daraja la PG-13, lililoanza mwaka 1984, kwa kawaida huvumilia lile neno kali la Kiingereza linaloanza na f mara moja tu, tena likiwa la hasira, lisitaje tendo. Angalieni kinachopimwa hapo: idadi ya maneno, ngozi inayoonekana, dawa za kulevya. Hakuna safu ya kuuliza mzaha umemwangukia nani. Kwa hiyo filamu inaweza kupewa daraja la familia nzima huku inamdhihaki msichana mnene kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyingine ikapewa R kwa sababu kina dada wanne walio marafiki tangu chuo wanatukana wakiwa wamelewa. Daraja si kipimo cha heshima.

Sasa tuingie jikoni. Filamu iliyofungua mlango wa karne hii ni Bridesmaids, ya Mei 2011, iliyoandikwa na Kristen Wiig na Annie Mumolo na kuongozwa na Paul Feig. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 32.5, na iliingiza zaidi ya milioni 280 duniani. Mswada wake uliteuliwa kuwania Oscar, na Melissa McCarthy naye akateuliwa kwa uigizaji. Watu wengi wanaikumbuka kwa tukio moja: kina dada wanaharisha na kutapika ndani ya duka la magauni ya harusi. Wapo walioliona tukio hilo kuwa aibu kwa wanawake. Hebu tulifungue kama fundi anavyofungua saa.

Annie, mhusika mkuu, alikuwa na duka la keki. Limefilisika wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka. Rafiki yake wa utotoni, Lillian, anaolewa, na Annie ndiye msimamizi wa wasindikizaji wa bibi harusi. Hana pesa, kwa hiyo anawapeleka kula kwenye mgahawa wa bei ndogo. Kutoka hapo wanaingia duka la kifahari ambalo mpinzani wake Helen, mwenye mali, ndiye anayeweza kuwafungulia. Tumbo linapoanza kuwageuka wote, Helen peke yake, ambaye hakula nyama ile, yu mzima. Anamuuliza Annie kama anaumwa. Annie anakataa, na uso wake unavuja jasho. Helen anamwekea mbele lozi ya sukari. Annie anaila, anatafuna taratibu, ili athibitishe kuwa chakula alichochagua hakikuwa kibaya.

Lozi hiyo ndiyo moyo wa tukio. Kinachochekwa ni kiburi cha mtu aliyefulia na hataki ijulikane, na kila mmoja wetu anakijua kiburi hicho. Kinyesi ni gharama ya uongo wake. Ondoeni lozi, mbakize matapishi, mtapata kichefuchefu kisicho na kisa. Ndivyo walivyokosea wengi walioiga: walibeba choo wakaacha lozi. Kwa waandishi mlio hapa, uchafu kwenye kichekesho unahitaji vitu vitatu kabla yake, na vikae kwa mpangilio huu: mhusika anataka kitu, ana aibu ya kukikosa, na anasema uongo kuificha aibu hiyo. Uchafu ni wa nne. Ukiuleta wa kwanza, mtazamaji anashtuka, na mshtuko huchoka upesi sana. Tukio la tatu la namna hiyo halichekeshi mtu.

Filamu hiyo hiyo ina doa. Mhusika Megan, wa Melissa McCarthy, amepewa utu mwingi: ana kazi nzito serikalini, na ndiye anayekwenda kumtoa Annie kwenye kochi la kujihurumia, akimweleza jinsi alivyoonewa shuleni. Lakini hamu yake ya mapenzi inatolewa kama kichekesho kwa sababu ya mwili alio nao. Mweke mwanamke mwembamba kwenye yale matukio ya ndani ya ndege, mstari ule ule unageuka kuwa wa kimahaba. Huo ndio upimaji ninaoupendekeza: usimbadilishe mwanamke kwa mwanamume, kama wengi wanavyofanya, badilisha mwili, umri au pochi. Mzaha ukifa papo hapo, ujue ulikuwa unamcheka mtu kwa alivyo, si kwa alilofanya.

Kwa nini nakataa kubadilisha mwanamke kwa mwanamume? Kwa sababu matokeo hayalingani. The Hangover ya mwaka 2009 inawaonyesha wanaume wakiamka Las Vegas bila kumbukumbu, wakiwa wamempoteza bwana harusi. Gharama waliyolipa ni jino moja na jua kali. Wanafika harusini, na picha za ufedhuli wao zinafunga filamu kwa vicheko. Lipelekeni kosa hilo hilo kwa mwanamke, mkaguzi yule wa 1934 anaamka kaburini na kudai ndoa.

Tazameni Trainwreck ya mwaka 2015, iliyoandikwa na Amy Schumer na kuongozwa na Judd Apatow. Inaanza na baba akiwafundisha binti zake wadogo kwamba kuwa na mpenzi mmoja maisha yote si jambo la kweli. Binti anakua, anaishi hivyo, anakunywa, na kwa zaidi ya saa moja filamu inamtazama kwa macho ya haki, hata kwenye huzuni ya baba yake. Kisha inafika mwisho. Anaondoa pombe nyumbani, na ili mwanamume amrudie anacheza dansi uwanjani pamoja na wasichana wa kushangilia mpira wa kikapu ambao hapo awali aliwadharau. Kuacha ulevi ni jambo jema, sina ubishi. Ubovu uko kwenye malipo: toba inafanywa hadharani, mbele ya mwanamume ambaye naye alikosea, na yeye hachezi chochote. Kwangu hapo pana tusi kubwa kuliko matukio yote ya kitandani yaliyotangulia.

Bad Teacher, nayo ya mwaka 2011, ina ujasiri wa kutomtoza Cameron Diaz faini. Mwalimu wake hafundishi, anaiba majibu ya mtihani, na mwisho anapata kazi inayomfaa zaidi. Wengi waliishangilia kwa hilo. Mimi nawaomba mwangalie nani anaondolewa shuleni: mwalimu mwenzake, mwanamke, mchapakazi, anayejua kila mtoto, na anayesema kweli kuhusu wizi ule. Filamu imemfanya kituko kwa bidii yake. Faini haikufutwa, imehamishiwa kwa jirani.

Rough Night ya mwaka 2017 ilikosea kwa namna nyingine, na kosa lake linafundisha. Mwanamume anayedhaniwa kuwa mcheza uchi wa kulipwa anakufa kwa bahati mbaya kwenye sherehe ya kina dada kabla ya harusi, nao wanahangaika na maiti. Kutaniana juu ya mwili wa mtu anayejikimu kwa mwili wake ni kumkanyaga aliye chini. Baadaye inafichuka kwamba marehemu alikuwa jambazi, eti sasa tupumue. Ufumbuzi huo unakuja umechelewa, maana mtazamaji ameshaalikwa kumcheka mtu asiye na hatia kwa sehemu kubwa ya filamu. Mwaka huo huo Girls Trip, ya Malcolm D. Lee, ilikuwa na matusi mengi kuliko hiyo, na iliingiza zaidi ya dola milioni 100 Marekani peke yake. Iliwapeleka wanawake wanne Weusi New Orleans, na mizaha yake mizito ilianguka juu yao wenyewe au juu ya mume msaliti. Tiffany Haddish alitamka mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wakubwa hawa, na bado hakuna mnyonge aliyetoka mle ameumizwa.

Nije kwetu kidogo, kwa sababu kila filamu hizi zinapoonyeshwa huku husikika kauli kwamba mwanamke wa Kiswahili hana maneno kama hayo. Kauli hiyo haiwezi kusimama mbele ya ngoma ya unyago. Bi Kidude, Fatma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mpigaji wa ngoma ya msondo na fundi wa mafunzo ya unyago, na yaliyoimbwa na kuchezwa mle ndani yangewafanya waandishi wa Hollywood wachukue kalamu. Bibi mtu mzima ndiye aliyekuwa na ruhusa kubwa zaidi ya kutania mambo ya chumbani. Ila mlango ulifungwa. Wanaume hawakuwamo, na ambaye hajafikia umri hakuwamo. Kuona haya kwetu kunategemea nani yupo. Filamu inafungua mlango huo, na kinachomchoma mtazamaji wa hapa mara nyingi ni kuketi sebuleni na baba mkwe wakati maneno yanatoka. Hilo ni jambo la kweli na linastahili heshima, lakini ni swali la mahali na hadhira. Dawa yake ni kutangaza daraja kwa herufi kubwa na kupanga saa ya maonyesho. Haihitaji kumnyang'anya mwanamke mzaha.

Penye hatari halisi kwetu ni kwenye tafsiri. Kiingereza kina neno la kumdhalilisha mwanamke mwenye wapenzi wengi, na mtafsiri wa maandishi ya chini ya skrini, akiwa na haraka, anaandika "malaya". Malaya anauza. Kwa neno moja umeingiza pesa kwenye kisa kisicho na pesa, na mhusika aliyekuwa mlevi wa mapenzi amegeuka mfanyabiashara. Mwanamume wa tabia hiyo hiyo tunamwita "kiwembe", tena kwa tabasamu. Mwanamke anapomtania rafiki yake wa kike, "mapepe" linatosha. Adui anapokusudia kuumiza, "kicheche" linauma bila kubadilisha kisa. "Malaya" liwekwe akiba kwa pale ambapo pesa ipo, au msemaji anataka kuua kwa neno.

Pia kuna suala la nafasi kwenye skrini. Kwa desturi ya kazi hii una mistari miwili, kila mmoja wa herufi 42 hivi, na Kiswahili kinakula nafasi kuliko Kiingereza. Mtafsiri akibanwa, cha kwanza kukikata huwa ni sababu ya mzaha, anabakiza tusi lenyewe kwa sababu ni fupi. Mtazamaji wa Kiswahili anapokea filamu chafu kuliko ile iliyotengenezwa. Kata majina, kata salamu, kata yanayoonekana kwa macho. Sababu ibaki. Na neno la kuchekesha likae mwisho wa mstari wa pili, lisisomwe kabla mwigizaji hajalitamka.

Tutatazama kipande kimoja kabla ya maswali. Ni cha Bridesmaids, lakini si cha duka la magauni. Ni usiku, Annie yuko jikoni peke yake, anapika keki moja tu ndogo, anaipamba kwa mikono yake mwenyewe kama ya mashindano, anaitazama, kisha anaila. Hakuna neno linalosemwa. Taa zizimwe, tafadhali.