Sindano ya Kupunguza Uzito na Sahani ya Mgonjwa wa Kisukari

Mabibi na mabwana, wagonjwa wa kisukari wenye unene uliokithiri huniuliza mara kwa mara: "Daktari, nikianza sindano ya kupunguza uzito, bado nitashika masharti ya chakula?" Huwajibu kwamba ndiyo, lakini jibu hilo likitolewa kwa mkato humfanya mgonjwa adhani anaadhibiwa, na ndiyo maana leo nitaeleza sababu zake.

Semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo, inayodungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, huiga homoni ya GLP-1 ambayo utumbo huitoa tunapokula. Huichochea kongosho itoe insulini sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huufanya ubongo uhisi shibe mapema. Tirzepatidi, sindano nyingine ya aina hiyo, hufanya hayo na kuongeza kazi ya homoni nyingine, GIP.

Katika utafiti wa STEP 2, uliochapishwa mwaka 2021, watu wazima wenye kisukari aina ya 2 na uzito uliozidi walitumia miligramu 2.4 za semaglutidi kila wiki kwa wiki 68. Walipungua kwa wastani wa asilimia 9.6 ya uzito wao, ilhali waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 3.4. Naomba tuzingatie kwamba makundi yote yalipewa pia ushauri wa chakula na mazoezi. Matokeo hayo, basi, si ya sindano peke yake. Katika utafiti mwingine, STEP 1, ambako washiriki hawakuwa na kisukari, dozi hiyohiyo ilipunguza karibu asilimia 15. Mgonjwa wa kisukari anayejilinganisha na jirani asiye na kisukari, kisha akajiona mzembe, anajilaumu bure, kwa kuwa baadhi ya dawa anazotumia, insulini ikiwemo, huelekea kuongeza uzito. Sisi wahudumu wa afya tunapaswa kumwambia hivyo kabla hajaanza, si baada ya kukata tamaa.

Sasa nije kwenye sahani. Hamu ya kula inaposhuka, mtu anaweza kushinda na vijiko vichache vya wanga na akaridhika, huku mwili ukimega misuli pamoja na mafuta. Misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye damu baada ya mlo, kwa hiyo kuipoteza ni hasara ya pekee kwa mwenye kisukari. Ndiyo sababu nasema kwamba kadiri chakula kinavyopungua, ndivyo kinavyohitaji kuchaguliwa vizuri zaidi: protini iliwe kwanza, mboga zifuate, wanga uwe wa mwisho na wenye nyuzinyuzi, na mazoezi ya kuvuta au kuinua uzito yasiachwe. Milo midogo inayoliwa polepole hupunguza pia kichefuchefu, ambacho huwasumbua wengi dozi inapopandishwa.

Kuna hatari moja ambayo singependa yeyote aondoke hapa bila kuifahamu. Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la sulfonilurea, vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, akianza sindano hii na kula kidogo, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi hadi akazimia. Dozi za dawa hizo mara nyingi hupunguzwa na daktari tangu mwanzo. Macho nayo yapimwe mapema, hasa kwa aliyekuwa na sukari ya juu kwa muda mrefu, kwa maana sukari inaposhuka kwa kasi, madhara yaliyokwisha kuwapo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, yanaweza kuzidi kwa muda. Mjamzito asitumie sindano hii.

Lipo pia suala la kuacha. Washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano walirudisha takriban theluthi mbili za uzito waliopoteza. Kwa hiyo, siku ile ile ya kuandikiwa dozi ya kwanza, muulize daktari dawa itaendelea kwa muda gani, na ikikatika mlo wako utakuwaje, kisha mwandike pamoja majibu hayo kwenye kadi yako ya kliniki.