Bass Reeves: Kofia Yenye Matundu na Senti Sita kwa Maili

KASSIM: Tuanze na kofia, maana kila anayemtaja Bass Reeves, yule naibu mashali mweusi wa Marekani ya karne ya 19, yaani askari wa mahakama ya shirikisho, huanzia hapo. Kofia yenye matundu matatu ya risasi.

MWANAIDI: Aliyoyatoboa mwenyewe.

KASSIM: Ndivyo hadithi inavyokwenda. Ndugu wawili wanasakwa, kuna zawadi ya dola 5,000, wamejificha kwa mama yao upande wa mpaka wa Texas. Reeves anaiacha kambi yake maili 28 nyuma, kama kilomita 45 hivi. Anavaa viatu vibovu vilivyong'olewa visigino, ile kofia kichwani, fimbo mkononi, pingu na bastola ndani ya nguo. Anakwenda kwa miguu mpaka mlangoni: mama, nina njaa, askari wananifukuza, hata kofia wameitoboa. Mama anamlisha. Usiku vijana wanarudi, wanazoeana naye, wanapanga waibe pamoja. Walipolala akawafunga pingu hata hawakushtuka! Asubuhi akawaswaga kurudi kambini, na mama mtu nyuma yao maili tatu nzima anamporomoshea matusi.

MWANAIDI: Tamu sana, kaka Kassim. Ila mimi pingu siziwazi, nawaza zile maili 28. Kwa nini aache kambi mbali hivyo? Kwa sababu msafara wa naibu mashali haukuwa kitu cha kuficha. Kuna gari la kukokotwa na wanyama, mpishi, msaidizi mwenye bunduki, farasi wa akiba, na mahabusu waliokwisha kukamatwa njiani, miguu imo kwenye minyororo. Mwizi anaona vumbi lako muda mrefu kabla hujafika. Kwa hiyo gari lilikuwa linaegeshwa mahali pamoja, na naibu anazunguka peke yake au na mwenzake mmoja, anarudi na watu wawili watatu, anawaongeza kwenye mnyororo, anatoka tena.

KASSIM: Tuwawekee wasikilizaji mazingira. Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838, akakulia Texas, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akamtoroka bwana wake, akaingia Indian Territory, eneo la mataifa ya wenyeji asilia wa Amerika, ambalo leo ni sehemu kubwa ya Oklahoma. Akaishi na baadhi ya mataifa hayo, Wacherokee, Wacreek na Waseminole, akajifunza Kikreek. Mwaka 1875 Jaji Isaac Parker anafika Fort Smith, Arkansas, kwenye mahakama ya shirikisho yenye eneo la maili za mraba 74,000 hivi, na mashali James Fagan, mkuu wa askari wa mahakama hiyo, anaruhusiwa kuajiri manaibu 200. Mtu anayeijua nchi hiyo na lugha zake, utamwacha?

MWANAIDI: Na sheria za huko zilikuwa za ajabu. Mataifa yale yalikuwa na mahakama na askari wao, lakini hawakuwa na mamlaka juu ya mgeni. Mzungu akiua Texas akavuka Mto Red, askari wa Wachickasaw hawamgusi. Anayeweza kumgusa anatoka Fort Smith, siku nyingi juu ya farasi.

KASSIM: Sasa pesa. Hapa ndipo hadithi nyingi zinaruka.

MWANAIDI: Mshahara hakuna. Naibu alilipwa kwa kazi iliyokamilika: senti sita kwa maili akienda kwa kazi ya mahakama, senti kumi kwa maili akirudi na mahabusu, dola mbili kwa kila aliyemkamata, na senti 75 kwa siku za kumlisha. Piga hesabu: umekwenda maili 150 kumfuata mtu mmoja, hiyo ni dola 9. Kurudi naye, dola 15. Ongeza mbili za kukamata, unapata dola 26. Bado mashali mwenyewe hajakata fungu lake, robo au zaidi. Na farasi, risasi, mpishi, vyote vinatoka mfukoni mwako kwanza.

KASSIM: Na kama mtu hukumpata?

MWANAIDI: Maili zako zimekwenda bure. Na ukimuua, mbaya zaidi: malipo ya kumkamata yamekufa naye, na gharama za kumzika zinaweza kukuangukia wewe. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anamsifia Reeves kwa idadi ya aliowaua, najua hajafanya hesabu. Wanaotajwa ni 14, katika watu wanaokadiriwa 3,000 aliowakamata kwa miaka 32. Maiti ilikuwa hasara.

KASSIM: Ndiyo maana pia alipakia gari mpaka lijae. Kurudi na mtu mmoja hakulipi. Unakusanya hati nyingi za kukamata watu wa eneo moja, unazimaliza kwa mzunguko mmoja.

MWANAIDI: Na hapo kuna tatizo jingine: Reeves hakujua kusoma.

KASSIM: Hakujua kabisa. Kabla ya kuondoka alisomewa hati moja moja, tena na tena, mpaka kila karatasi ikawa na jina lake kichwani mwake. Anaitambua kwa sura ya maandishi. Kosa hapa lina bei: ukimpeleka Fort Smith mtu asiye mwenye hati, umemlisha, umembeba, na hulipwi. Na hati za kukamata zilichanganyika na za kuwaita mashahidi.

MWANAIDI: Halafu ule mstari wa mauti. Njia ya reli iliyoitwa Katy ilipita kama maili 80 magharibi ya Fort Smith. Ng'ambo yake wahalifu walibandika vibao njiani: naibu akivuka hapa, auawe. Reeves alivuka miaka nenda rudi.

KASSIM: Na akapambana na Jim Webb, mtuhumiwa wa mauaji, mwaka 1884. Msimulizi atakwambia risasi ya kwanza ya Webb ilikata pembe ya tandiko, ya pili ikang'oa kifungo cha koti, ya tatu ikakata hatamu.

MWANAIDI: Risasi tatu zilizokosa kwa mpangilio namna hiyo, mimi naona hapo pametiwa chumvi kidogo. Webb aliuawa, hilo halina ubishi. Lakini mwaka uleule kulitokea jambo lisilosimuliwa sana: alimpiga risasi mpishi wake, William Leach, kambini.

KASSIM: Alisema ilikuwa ajali.

MWANAIDI: Alisema risasi ilikwama kwenye bunduki yake ya Winchester, akawa anaitoa, bunduki ikalia. Inawezekana kabisa, maana ukihangaika na bunduki ya mtindo ule huku risasi imo ndani, mdomo wake unatakiwa uelekee mahali pasipo na mtu. Wa bunduki ya Reeves ulielekea motoni, kwa mpishi. Alikamatwa mwaka 1886, akakaa jela pamoja na watu wa aina aliyokuwa akiwaleta, akafikishwa mbele ya Parker yuleyule, na Oktoba 1887 akaachiwa huru. Mawakili walimlia akiba.

KASSIM: Na yule shujaa wa redioni mwenye kinyago, Lone Ranger, ambaye watu husema ametokana na Reeves?

MWANAIDI: Kile kipindi kilichoanza Detroit 1933? Watu wanaunganisha kwa sababu wafungwa wa Fort Smith walipelekwa jela ya Detroit. Uzi mwembamba huo. Hakuna karatasi inayoonyesha waandishi walimtumia Reeves.

KASSIM: Basi tumalizie na Bennie. Mwaka 1902, Muskogee, mtoto wa Reeves anamuua mkewe. Hati imewekwa mezani, manaibu wanatazamana. Inasemekana mzee Reeves aliiomba mwenyewe.

MWANAIDI: Ombi hilo limetufikia kwa masimulizi. Ila Bennie alihukumiwa maisha, akapelekwa jela ya Leavenworth. Na kufikia hapo malipo ya kwa maili yalikwisha kufutwa, tangu 1896. Manaibu walikuwa na mshahara. Hati ile haikumwongezea Reeves hata senti.