Kilatini cha Mtoto wa Katuba

(Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lugha na wazazi wao)

Wazazi wetu, batata na bamama mliofika, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wapya: hamjambo, na karibuni.

Nianze na neno ambalo kila mzazi aliyemo humu ametoka nalo jasho. Minervali, yaani ada ya masomo. Mmelipa minervali, au mmelipa nusu na mnatafuta nusu ya pili. Warumi waliita minerval malipo ambayo mwanafunzi alimpelekea mwalimu wake, na jina lilitoka kwa Minerva, mungu wao wa kike wa maarifa na ufundi. Wabelgiji walilitumia kwao, wakaja nalo huku, na leo mama anayeuza fungu la mchicha soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, analitamka bila kuulizwa na mtu kama amesoma Kilatini. Na baba aliye mgodini, kila anapoona herufi mbili Cu kwenye karatasi za maabara, anasoma Kilatini. Ni cuprum, na Warumi walipata neno hilo katika jina la kisiwa cha Kupro, walikopata shaba yao. Mji huu umejengwa juu ya neno la Kilatini lililofupishwa.

Siku za kujiandikisha, mzazi mmoja alinishika mkono nje ya ofisi akaniuliza: “Mwalimu, mtoto wangu amefaulu vizuri mtihani wa serikali. Angeweza kusoma sheria. Hiki Kilatini kitamlisha nini?” Ni swali la haki. Nitalijibu, ila naomba kwanza mnivumilie niseme jambo lililonileta mbele yenu, maana nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini.

Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nilianza Kilatini nikiwa humanite, yaani sekondari, na tulifundishwa kwa Kifaransa, kama kila kitu kingine. Tulikuwa na mwalimu mwenye fimbo. Ukikosa mwisho wa neno, unanyoosha mkono. Siku moja aliandika ubaoni neno domi, akaandika mbele yake maneno matatu ya Kifaransa, akatuambia tukariri kwamba hiyo ni hali ya pekee, ni mabaki ya zamani, msiulize. Nikakariri. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Nilipofika chuo kikuu, mwaka wa pili, usiku mmoja umeme umekatika nikawa najisomea kwa mshumaa, nikakutana tena na domi. Safari hii mdomo wangu ulitangulia akili: nyumbani. Nikaweka kitabu chini. Domi ni nyumbani! Neno moja kwa neno moja, na mkia wake kwa mkia wake. Ruri ni shambani. Kile alichotuambia ni mabaki ya ajabu, mama yangu alikuwa akikisema kila siku aliponiita kula. Hakuna aliyenificha kwa ubaya. Ni kwamba tangu tuanze kusoma hakuna aliyewahi kuuliza Kiswahili kinasemaje.

Kuanzia usiku ule nilianza kusoma na madaftari mawili. La kwanza la Kifaransa, kwa sababu ya mitihani. La pili la Kiswahili, kwa sababu yangu. Na daftari la pili ndilo lililonifanya mwalimu.

Tazameni mfano. Mwanafunzi aliyekulia kwenye Kifaransa anahangaika na kitenzi cha Kilatini kwa sababu haoni mtendaji yuko wapi. Yeye anataka aone kijineno kimesimama peke yake mbele ya kitenzi. Nyinyi hamna shida hiyo. Amat: anapenda. Mtendaji yumo ndani. Kwetu amekaa mbele, kwao nyuma. Sasa chukua amabitur. Ni neno moja, na limebeba mtu, limebeba wakati ujao, limebeba hali ya kutendwa. Kwa Kifaransa unahitaji maneno matatu. Kwa Kiswahili? Atapendwa. Basi, umemaliza. Vunjeni yote mawili mezani vipande vipande, a-ta-pend-wa, ama-bi-tur, mtaona mafundi wawili ambao hawakuwahi kuonana wamejenga nyumba kwa mtindo mmoja.

Kigiriki ndicho kilichonishangaza zaidi. Wagiriki wana apethane, alikufa, kwa maana kwamba tukio hilo lilitokea wakati fulani. Halafu wana tethneke. Vitabu vya sarufi vinatumia kurasa nyingi kueleza kwamba tethneke si habari ya tukio tu, ni habari ya hali iliyopo sasa kutokana na tukio lililopita. Kurasa nyingi! Mtoto wa Kiswahili unamwambia: ni amekufa. Kama amelala, kama amekaa, kama amevaa. Anakuelewa kabla hujashusha chaki.

Nisiwadanganye kwamba njia yote ni tambarare. Kiswahili kinajua mtendaji na mtendwa kwa kuangalia nani ametangulia katika sentensi, na Kilatini kinamjua kwa kuangalia mkia wa jina. Hapo mtatoka jasho, na hakuna njia ya mkato. Kuhusu jinsia tatu za Kilatini, najua Kiswahili chetu cha hapa kimelegeza upatanisho. Tunasema “kitabu muzuri” na maisha yanaendelea. Lakini wengi wenu nyumbani mna Kiluba, mna Kibemba, mna Kisanga, na huko ngeli haichezewi. Bibi akikusikia umekosea anakurekebisha papo hapo. Masikio yenu yamezoea jina linaloamuru sentensi nzima ivae sare yake. Msiyaache masikio hayo mlangoni mwa darasa.

Sasa nieleze kwa nini naona jambo hili lina uzito kuliko alama za mtihani.

Mwaka 1659 kilichapishwa Roma kitabu cha sarufi ya Kikongo, kazi ya mtawa Mkapuchini aitwaye Giacinto Brusciotto. Ni miongoni mwa sarufi za kwanza kabisa za lugha yoyote ya Kibantu. Kimeandikwa kwa Kilatini. Miaka michache kabla yake, 1652, Mkapuchini mwingine, Joris van Gheel, alinakili kwa mkono kamusi ya Kilatini, Kihispania na Kikongo, na hati hiyo bado iko Roma. Fikirini. Mtu wa Kongo anayetaka kujua babu zake wa karne ya 17 walisemaje, waliitaje mbegu na mvua na deni, mlango wake wa kupitia ni Kilatini. Asipokijua, ataketi kizingitini angoje wengine wamsomee.

Na pwani ya ndugu zetu waliotuletea Kiswahili? Maelezo ya kale tuliyo nayo kuhusu biashara yake yamo katika kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya 1, mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Eritrea, kama Wagiriki walivyoziita Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kinataja bandari ya Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Jina Rhapta lenyewe linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kushona. Anayejua habari za mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa bila misumari, anasoma mstari ule na kumuona fundi akiwa kazini.

Lakini njooni karibu zaidi, njooni Bunkeya, makao ya mfalme Msiri wa Katanga. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Nani ameandika habari za ufalme wake na mwisho wake? Joseph Moloney, daktari wa msafara wa kapteni Stairs uliomuua, aliandika kwa Kiingereza. Arnot, mmisionari aliyefika Bunkeya 1886, naye aliandika kwa Kiingereza. Paul Reichard aliandika kwa Kijerumani. Capello na Ivens, waliovuka Afrika 1884 na 1885, kwa Kireno. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyeijua biashara ya nchi hizi kuliko wote hao, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, nayo yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, yakiwa na tafsiri ya Kijerumani pembeni. Hata kitabu cha padri Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichotoka hapa hapa mwaka 1945, Lubumbashi ikiitwa Elisabethville, padri alikiandika kwa Kiholanzi. Kilichotoka ni tafsiri ya Kifaransa. Mnaona? Msiri ni mfalme mmoja, na kesi yake imefunguliwa katika lugha nne. Wajukuu wa mashahidi wako hapa ukumbini, na mafaili hawawezi kuyasoma.

Ndiyo maana nasema lugha za kigeni si pambo. Mimi sisomi Kijerumani ili nionekane mtu wa Ulaya. Nakisoma kwa sababu kuna vitu vyetu humo.

Wengine watawaambia hii ni kazi ya watu wa mbali. Mwanafalsafa V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ulioitwa Jadotville wakati huo, safari ya saa chache kutoka hapa. Alisoma Kigiriki na Kilatini tangu ujana wake kwa watawa, akapata udaktari Louvain mwaka 1970, akaja kufundisha Lubumbashi. Baadaye alipochunguza namna Afrika ilivyobuniwa katika vitabu vya wengine, alianzia kwa Wagiriki wenyewe, akawasoma kwa lugha yao, na hakuna aliyeweza kumwambia “hukuelewa”. Alifariki mwaka 2025, na nilisikitika sana kukuta wanafunzi wengi wa hapa hawamjui hata kwa jina.

Kuhusu namna ya kusoma, nitamwita shahidi mmoja tu, Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio Algeria ya leo. Katika Maungamo yake anasimulia kwamba alikichukia Kigiriki akiwa mtoto, kwa sababu walimu walikiingiza kwa vitisho na viboko, hata akawa anamwomba Mungu asipigwe. Lakini Kilatini, anasema, alikipata bila mateso, katikati ya mabembelezo ya walezi na vicheko vya watu waliocheza naye. Anahitimisha kwamba udadisi ulio huru una nguvu ya kufundisha kuliko lazima yenye hofu. Nilipoisoma sehemu ile mara ya kwanza niliutazama mkono wangu. Miaka elfu moja na mia sita, na fimbo ni ile ile.

Kwa hiyo darasani kwangu hakuna fimbo, wala hakuna kicheko cha kumdhalilisha aliyekosea. Kuna sauti. Mtasoma kwa sauti kila siku, nusu saa, hata kama ni uani kuku wakiwasikiliza. Nusu saa ya kila siku inashinda saa kumi za usiku wa kuamkia mtihani. Nimeona vijana wenye akili kali wakiangushwa na hizo saa kumi. Kamusi msilie kwamba hamna. Gaffiot ya Kilatini na Bailly ya Kigiriki zote zinapatikana bure kwenye simu. Na kila mmoja wenu awe na daftari la pili, la Kiswahili, au la Kiluba, au la lugha aliyonyonya. Nitalisahihisha kama lile la kwanza.

Sasa wewe mzazi uliyenishika mkono. Kilatini peke yake hakitamlisha mtoto wako, na mwalimu anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ndiyo sababu nawasihi wanafunzi wote wachukue pamoja nacho lugha moja inayotembea barabarani. Kiingereza kipo Kasumbalesa, kila lori linalovuka kutoka Zambia linakihitaji. Kichina kinasikika kwenye migodi ya Kolwezi, na anayekijua vizuri anakaa katikati ya meza pande zote mbili zikimngoja yeye. Kireno kiko Angola. Mtu aliyezoea kufungua amabitur vipande vipande haiogopi sarufi yoyote, atajifunza lugha ya nne na ya tano akiwa na uzoefu wa kazi. Na ukitaka abaki na sheria, sheria zetu za kiraia zimetoka Ubelgiji, Ubelgiji ilizipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walichota kwa Warumi. Hatapotea njia.

Naomba sasa mgeuze karatasi mliyopewa mlangoni. Ni jina la kitabu cha Brusciotto, la mwaka 1659. Tulisome pamoja polepole, na wazazi pia. Regulae quaedam: kanuni kadhaa. Congensium idiomatis: za lugha ya Wakongo. Faciliori captu: ili ishikike kwa urahisi zaidi. Na kati yake kuna neno moja refu, difficillimi. Nani atajaribu? Ndiyo, wewe binti kule nyuma. Ngumu? Ongeza. Ngumu mno, ngumu kuliko zote, vizuri sana. Ndivyo alivyoiona lugha ya kwetu, mtu mzima, msomi, amekaa na kalamu yake. Majina ya Kikongo yalimpa kazi kwa sababu alizoea maneno yanayobadilika mwishoni, na haya yalibadilika mwanzoni. Hakuwa na neno la kuyaitia, kwa hiyo akatumia principiatio, kutoka principium, yaani mwanzo. Andikeni neno hilo katika madaftari yote mawili. Jumatatu asubuhi nitawauliza nyinyi, mama zenu wanaliitaje, na tutaanzia hapo.