"Mbona umekuwa mkali siku hizi?" Najibu leo

Haya wapendwa, karibuni. Leo sina matembezi ya kuwaonyesha. Nimekaa kujibu swali ambalo kila nikipandisha video linarudi: mbona siku hizi umekuwa mkali, mbona huchangamki, au pesa zimeshakubadilisha? Jibu langu ni kwamba silali vya kutosha. Najua wapo watakaosema anajisifu ana kazi, na wapo watakaosema kama ughaibuni kumemshinda si arudi nyumbani. Sijaja kujisifu wala kulia. Mmeuliza, nami najibu.

Kwamba usingizi ni muhimu mnajua, siwamalizii bando kwa hilo. Ninalotaka mlisikie ni hili: mwaka 2007 watafiti huko Marekani waliwakesha vijana wazima wa afya, wakawaonyesha picha za kuudhi huku wakiwapima ubongo kwa mashine. Kuna sehemu ndani kabisa ya ubongo inaitwa amigdala, ndiyo inayoshtuka mtu akiona la kutisha au la kukera. Kwa wale waliokesha ilishtuka zaidi ya wenzao waliolala kwa kama asilimia 60. Na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokwambia tulia kwanza, yalikuwa yamelegea. Huo ni usiku mmoja tu, na zilikuwa picha tu.

Mimi siletewi picha, naletewa barua. Natoka shifti ya usiku, nafungua bahasha: ombi la kuhuisha kibali limerudishwa kwa sababu ya sahihi kwenye ukurasa ambao fomu yao wenyewe inasema si lazima kuujaza. Ada imeshakatwa na hairudi. Nikitaka kupiga simu, ofisi iko wazi saa zile zile ambazo natakiwa niwe kitandani. Unalala vipi hapo? Na msiniambie nihamie mchana. Shifti ya usiku ina nyongeza ya malipo, na nyongeza hiyo ndiyo inayotumwa nyumbani. Ukiiondoa, kodi ya nyumba ikishalipwa hakibaki kitu.

Kuna anayeandika kila mara, "lakini si unalala mchana?" Ndugu yangu, mwili una saa yake, na saa hiyo inafuata mwanga. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi ndani ya seli. Jua likichomoza, mwili unaandaliwa kuamka, uwe umetoka kazini au hukutoka. Kwa hiyo usingizi wa mchana mara nyingi ni mfupi na unakatika. Na unapokatika, kinachopotea zaidi ni usingizi wa ndoto, kwa sababu huo huja kwa wingi mwishoni. Wataalamu wengi wanauhusisha na kutuliza machungu ya siku. Ndiyo maana simu ya "nilikuwa nakusalimia tu" ikiniamsha katikati, siku nzima inaharibika. Sisemi msipige. Nasema tuandikiane kwanza.

Huku ughaibuni, tukimlalamikia daktari, tunaambiwa hulali kwa sababu una mawazo. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa watu wanaokosa usingizi, hata kama mwanzoni hawana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, uwezekano wao wa kuipata baadaye ni kama mara mbili ya wanaolala vizuri. Na Uingereza, mwaka 2017, wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya 3,700 wenye shida ya usingizi waligawanywa, kundi moja likapewa tiba ya usingizi kwa intaneti, bila vidonge. Hilo lilianza kulala vizuri, na hisia za kuwashuku watu zikapungua, pamoja na huzuni na wasiwasi.

Hapo kwenye kushuku ndipo ninapojiona mwenyewe. Ujumbe wa "umetusahau" nikiusoma nimetoka kazini, nasikia tusi. Nikiusoma nimeamka, naona mtu aliyenikumbuka. Maneno ni yale yale. Kwa hiyo sasa habari za pesa, za shamba, za nani alitoa ngapi, sizijibu kabla sijalala. Mkiona kimya, si kiburi.

Mengine ninayofanya ni ya kwangu, usiyachukue kama amri: pazia zito, simu chumba kingine, kahawa ya mwisho mapema katika shifti, maana saa tano baadaye karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Mwenye mtoto mchanga au kazi mbili hali yake ni nyingine kabisa.

Na mnaoniuliza majina ya vidonge kwenye inbox, sitayataja. Kama wiki zinapita hulali na moyo umekuwa mzito, au unawaza kujidhuru, usisubiri video yangu, mwone daktari leo. Muulize kuhusu tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi. Chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kimependekeza tangu 2016 ianzwe hiyo kabla ya dawa. Mimi nimeianza. Foleni yake ilikuwa ndefu, na bima imekubali kulipia nusu tu ya vikao. Nusu nyingine nalipa mwenyewe, kidogo kidogo.