Ayub Ogada: Bendi Nzima ndani ya Mtu Mmoja

Asanteni sana. Nikitaja albamu ya mwimbaji anayetunga mwenyewe na kupiga mwenyewe, najua wengi wenu mnamwona kijana wa Marekani na gitaa lake. Leo nimewaletea Job Seda, mzaliwa wa Mombasa, 1956, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada. Albamu yenyewe ni En Mana Kuoyo, iliyotoka 1993 chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza.

Tuanze na chombo, maana tusipokielewa tutapotezana njiani. Nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ina nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, chombo kando yake. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo hugonga mti wa chombo. Mguuni amefunga njuga, gara. Vidole vinakwaruza nyuzi, mguu unashika mapigo, njuga zinaitikia, na juu ya hayo yote anaimba. Sasa huyo ni mtu mmoja kweli? Nyinyi mnaorekodi kila kitu wenyewe chumbani kwa kompyuta, wazee wa Siaya wangewauliza: jipya liko wapi?

Wala nyatiti haikuwa muziki wa kunong'ona. Hupigwa matangani, penye umati, vumbi na pombe. Na kuna pakruok: msikilizaji anausimamisha wimbo, anatoa pesa, anajisifu au anamsifu rafikiye, kisha mpigaji anaendelea hadi atakapokatizwa tena. Kwa hiyo wimbo unakuwa wa wote waliopo. Mpigaji hodari ni yule anayejua majina ya watu.

Ogada aliyaondoa hayo yote.

Tusidhani aliyaondoa kwa kutojua kelele. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band jijini Nairobi, bendi ya kuchezesha watu. Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anawapigia wapita njia London, hadi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Kutoka huko akafika WOMAD, tamasha la muziki wa dunia, kisha studio.

Sikilizeni Kothbiro, wimbo mmoja wa albamu hii. Mvua inakuja, watoto, rudisheni ng'ombe nyumbani. Maneno ni hayo tu, au karibu na hayo. Nyuzi zinazunguka palepale, sauti inapita chini chini bila haraka. Hakuna wa kukatiza, hakuna anayesifiwa. Pale ambapo matangani pangejaa majina, pameachwa wazi, na mtu asiyejua hata neno moja la Kijaluo anapata pa kukaa.

Nimesikia wanaosema hiyo ni nyatiti iliyosafishwa kwa ajili ya Wazungu. Sikubali, na sababu yangu ni historia ya wimbo wenyewe. Kothbiro haikuzaliwa London wala kijijini. Ilirekodiwa Nairobi miaka ya 1970 na Black Savage, bendi ya vijana wa mjini aliyokuwamo Ogada. Tumezoea kuona wimbo wa asili ukipelekwa kwenye magitaa ya umeme. Huu ulisafiri upande wa pili: ulianza kwa bendi ya mjini, ukaishia kwenye nyuzi nane. Aliupa uzee ambao haukuwa nao, na leo wengi huuchukulia kuwa wa mababu.

Sisemi kila wimbo wa albamu ni dhahabu. Ngoma zikizidi, mimi mawazo yangu huanza kutangatanga.

Wimbo uliendelea na safari zake. Mwaka 2005 ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage akakitumia katika wimbo wake Yikes, na jina la Ogada likaingia miongoni mwa watunzi. Mliomo humu na nyimbo zenu bado ziko kwenye simu tu, mnisikie vizuri hapo: ziandikisheni rasmi. Februari 2019 Ogada alifariki.

Nimeongea vya kutosha. Nitawapigia Obiero, wimbo unaofungua albamu. Ufuateni mguu kwanza, sauti baadaye. Fundi wa mitambo, tafadhali.